Uzi: Vifuniko na vijiti tunavyo, mbona kutoa kwa makumi bado kunawashinda watoto wa Gredi ya 2?

Mwanzilishi wa uzi, Mwalimu wa Gredi ya 2, Kisumu

Walimu wenzangu na wazazi, hamjambo. Ninafundisha madarasa ya chini katika shule ya umma upande wa kuelekea Ahero, na ninaanzisha uzi huu kwa sababu ya jambo moja ambalo nimelikuta mwaka baada ya mwaka. Mtoto aliyewekewa vifuniko vya soda mezani hutoa bila shida yoyote, lakini akifungua daftari na kuandikiwa 52 kutoa 37, mtoto huyo huyo anaandika 25. Ukimuuliza amefikaje hapo, anakueleza bila wasiwasi kwamba 7 kutoa 2 ni 5, na 5 kutoa 3 ni 2. Katika kila safu ameiondoa tarakimu ndogo kutoka kwa kubwa, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini. Kosa hili linajulikana mbali na huku kwetu. John Seely Brown na Richard Burton, watafiti wa Marekani waliochambua makosa ya wanafunzi katika hesabu za kutoa mwaka wa 1978, walionyesha kwamba makosa ya aina hii hayatokani na uzembe. Mtoto amejitungia kanuni yake, anaiamini, na anaifuata kila mara bila kuyumba.

Kwa maoni yangu, tatizo letu halijawahi kuwa ukosefu wa vifaa. Kokoto zipo, punje za mahindi zipo, vifuniko vimejaa nje ya kila kioski. Tatizo ni kwamba kazi ya mkono na kazi ya kalamu tunazifundisha kama masomo mawili yasiyojuana. Mtoto akiwa na vifuniko 52 vilivyotawanyika mezani, anahesabu 37, anavisukuma kando, kisha anahesabu vilivyobaki. Jibu ni sahihi, lakini hajakutana na kumi hata moja katika kazi yake yote. Siku inayofuata tunasimama ubaoni na kumwambia kwamba 2 kutoa 7 haiwezekani, kwa hiyo akope kwa jirani. Anajiuliza jirani ni nani, kwa nini akope moja halafu ipokelewe kama kumi, na deni hilo litalipwa lini. Hakuna chochote alichokishika jana kinachoweza kumjibu maswali hayo.

Ndiyo maana, tukifika kwenye namba za tarakimu mbili, ninaviweka vifuniko kando na kutumia vijiti vilivyofungwa kumi kumi. Ukanda wa kufungia ninaukata kutoka kwa tyubu kuukuu ya baiskeli, ambayo fundi wa baiskeli atakupa bure, na kila ukanda hutumika muhula mzima bila kukatika. Sasa turudi kwa 52 kutoa 37. Mtoto anaweka matita matano upande wa kushoto na vijiti viwili vilivyo huru upande wa kulia. Ninamwomba anipe vijiti saba kutoka upande wa kulia. Anavitazama viwili vyake, ananitazama mimi, kisha anayatazama matita. Wakati huo ninanyamaza, hata kimya kikiwa kirefu, kwa sababu uamuzi wa kulifungua tita ndilo somo lenyewe, na mwalimu anayewahi kusema "kopa" amemnyang'anya mtoto kile alichokuja kujifunza. Karibu kila mara kuna mmoja kikundini atakayeuliza kama anaruhusiwa kufungua. Akikubaliwa, anavua ule ukanda, vijiti kumi vinatawanyika, anavichanganya na vile viwili na kupata kumi na viwili.

Kabla hajanipa hata kijiti kimoja, anashika kalamu. Anaikata ile 5 na kuandika 4 juu yake kwa sababu matita yamebaki manne, na pale penye 2 anaandika 12. Ndipo ananipa saba, anabaki na vitano, anaandika 5 chini ya mstari. Ananipa matita matatu, anabaki na moja, anaandika 1. Jibu ni 15, na hakuna alama daftarini isiyokuwa na tendo lililoitangulia. Mwishowe ninamrudishia vijiti 37 nilivyochukua ili avijumlishe na 15 alivyobaki navyo. Saba na vitano vinampa kumi na viwili, anafunga kumi upya kwa ukanda ule ule, na matita yanarudi kuwa matano na vijiti viwili kama alivyoanza.

Nimesema vijiti vya kufungwa kwa makusudi. Sarafu ya shilingi 10 haifunguki. Ili mtoto apate kumi za shilingi moja moja, sharti abadilishane na mtu, na lazima awe ameshaamini kwamba kile kipande kimoja cha chuma ni sawa na vile kumi. Vipande vya mbao vinavyoitwa kwa jina la Zoltán Dienes, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, vina hali hiyo hiyo: ufito wa kumi umechongwa kama kitu kimoja, nao hauvunjiki. Ni vifaa vizuri sana, lakini ninaviona kama hatua ya pili. Tita ni fungu moja na ni vijiti kumi kwa wakati mmoja, na mtoto analifunga na kulifungua kwa vidole vyake mwenyewe.

Ningependa kusikia wenzangu mnafanyaje, hasa wenye madarasa makubwa.

Mwalimu wa Njoro

Mwalimu, asante kwa maelezo haya. Ninakubaliana nawe kuhusu kuandika papo kwa papo, lakini naomba tuzungumze kuhusu hali ilivyo. Tangu elimu ya msingi ianze kutolewa bila malipo mwaka wa 2003, wengi wetu tumefundisha madarasa ambayo watoto wanabanana wanne kwenye dawati la wawili. Hicho kimya unachokisifu kinawezekana ukiwa umeketi na kikundi kimoja. Ukiwa na vikundi kumi na viwili, utakaponyamaza mbele ya kimoja, vingine vinafanya vita vya vijiti. Halafu kuna suala la muda. Kipindi cha Hisabati katika madarasa ya chini ni dakika 30. Kugawa vijiti, kuvihesabu na kuvikusanya kunakula nusu yake, na mara nyingi watoto wanaondoka wakiwa wamefanya hesabu mbili tu.

Mimi nimezoea kufanya onyesho mbele ya darasa kwa vijiti vikubwa vya mabua, watoto wakitazama, kisha wanaandika. Je, onyesho la mwalimu halitoshi?

Mwanzilishi wa uzi

Mwalimu wa Njoro, hoja yako ni ya kweli. Kuhusu onyesho, nadhani linafaa kumkumbusha mtoto ambaye tayari amewahi kufungua tita kwa mkono wake. Kwa yule ambaye hajawahi, anachokiona mbele ni mwalimu anayecheza na mabua, na akirudi kwenye daftari kanuni yake ya zamani inamngojea pale pale.

Kuhusu muda, utaratibu uliosaidia hapa kwetu ni kutovifungua wala kuvihesabu vijiti upya kila kipindi. Kila kikundi kina kopo lake, na ndani yake mna matita tisa na vijiti tisa vilivyo huru. Sharti la kurudisha kopo ni kwamba vijiti vyote viwe vimefungwa kama vilivyotolewa, na kazi hiyo ya kufunga ni zoezi la kujumlisha ambalo halikuli kipindi kingine. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini mwaka wa 2017, makopo ya rangi yaliyooshwa au mifuko ya kitambaa cha sare kuukuu ndivyo vinavyotuhifadhia.

Kikundi ninakipa watoto watano, na kila mmoja ana kazi yake. Wa kwanza anashika vijiti, wa pili ndiye "mwombaji" anayedai vijiti vinavyotolewa, wa tatu anaandika kwenye kibao, na wawili waliobaki wanakagua kama kilichoandikwa kinalingana na kilicho mezani. Hesabu inayofuata, kazi zinahama. Vita vya vijiti vimepungua sana kwa sababu anayeshika vijiti ni mmoja tu. Kuhusu hesabu mbili kwa kipindi, naomba nikupinge kwa heshima. Hesabu mbili ambazo kila mtoto ameona tita likifunguka na tarakimu ikibadilika zina thamani kuliko ishirini za kunakili ubaoni, maana hizo ishirini ndizo tunazozisahihisha kwa wino mwekundu jioni nzima.

Mama wa mtoto wa Gredi ya 1, Kakamega

Walimu, samahani kwa kuingilia, mimi ni mzazi. Ninafuatilia uzi huu kwa hamu, lakini naomba mtusikie na sisi. Mtoto anarudi nyumbani saa kumi na moja jioni na kusema kesho anatakiwa kufika na vijiti 100 vilivyokatwa sawasawa. Kesho kutwa ni vifuniko 50. Tunavitafuta, tunavifunga, mtoto anavipeleka, na muhula ukiisha vinarudi vikiwa vimefungwa vile vile bila kuguswa. Kama kifaa hakitumiki, kwa nini tusumbuliwe? Na kama kinatumika, mimi kama mama ambaye sikusomea ualimu nifanye nini nyumbani ili nisimchanganye mtoto?

Mwalimu wa chekechea, PP2 (mwaka wa pili wa chekechea), Kisumu

Mama, una haki ya kuuliza. Mtaala wa Umilisi, ambao ulianza kutekelezwa kote nchini Januari 2019 kuanzia PP1 hadi Gredi ya 3, unahimiza vifaa vinavyopatikana katika mazingira ya mtoto, lakini kukusanya si kufundisha. Shule ikishakuwa na seti zake, hakuna haja ya kila mzazi kukata vijiti kila muhula.

Nyumbani usihangaike na vijiti. Mtume dukani. Ukimpa shilingi 100 na bidhaa ni shilingi 65, mwombe akueleze chenji ilivyopatikana. Muuzaji wa sokoni Kibuye hachukui kalamu kuandika 100 kutoa 65. Anaanzia 65, anaweka shilingi 5 kiganjani mwako na kusema 70, kisha anaongeza kumi kumi: 80, 90, 100. Ulichopewa, yaani 35, ndicho baki. Huko ni kutoa kwa kuhesabu kwenda mbele, na watoto wengi wanakuelewa mapema kuliko kuhesabu kurudi nyuma.

Kwa kuwa tumefika kwenye watoto wadogo, ningependa kuongeza mambo ambayo Gredi ya 2 wanayapokea kutoka kwetu yakiwa tayari yameharibika. La kwanza ni 9 kutoa 4. Mtoto anahesabu vifuniko tisa, halafu anachukua vingine vinne kutoka kwenye kopo na kuviweka kando ya vile tisa. Sasa ana vifuniko kumi na vitatu mezani na hajui afanye nini, kwa hiyo anavihesabu vyote. Amefanya hivyo kwa sababu alipofundishwa kujumlisha, kila namba iliyoandikwa iliwekewa vifuniko vyake. Katika kutoa, zile nne zimo ndani ya tisa. Ninamfanya afunike kopo kwa mkono wa kushoto baada ya kuhesabu tisa, ili zile nne asiwe na mahali pengine pa kuzitoa.

La pili ni kuhesabu kurudi nyuma. Kwa 12 kutoa 3, mtoto anasema "kumi na mbili, kumi na moja, kumi" huku akikunja vidole vitatu, na jibu lake ni 10. Amehesabu mahali aliposimama kama hatua. Ninachora mstari wa namba sakafuni kwa chaki na kumsimamisha juu ya 12. Hapo tunahesabu miruko. Mguu ukiwa bado uko kwenye 12 hakuna mruko, hivyo mdomo haufunguki mpaka aruke.

La tatu ni trei ya mayai. Trei ya mayai 30 ina safu sita za vishimo vitano. Ikate mara mbili, kila baada ya safu mbili, upate vipande vitatu vyenye vishimo kumi kila kimoja. Kwa 13 kutoa 8, mtoto anajaza kipande kimoja na kuweka mbegu tatu kwenye cha pili. Mwambie aondoe nane, kisha mtazame. Mmoja ataondoa zile tatu kwanza halafu tano kutoka kwenye kumi. Mwingine ataondoa nane zote kutoka kwenye kumi, abaki na mbili, na kuzikutanisha na zile tatu. Njia zote mbili zinaishia kwenye tano, na zote mbili zinamwandaa kwa yale matita ya Mwalimu. Angalizo tu kwa wenye watoto wa PP1: maharagwe na punje za mahindi huishia puani na masikioni. Tumieni vitu vikubwa zaidi, na vifuniko vya chuma viwe vimeoshwa na kugongwa kingo kwa nyundo visiwakate.

Mwalimu mstaafu, Busia

Nawasalimu nyote. Nimefundisha tangu kabla ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 kuanza mwaka wa 1985, na ninayasoma haya kwa furaha, ingawa nina mashaka mawili. Mosi, sisi tulifundishwa, na tukafundisha, njia nyingine: ongeza kumi juu, lipa moja chini. Kwa 52 kutoa 37, ile 2 inakuwa 12, na ile 3 ya chini inakuwa 4. Kumi na mbili kutoa saba ni tano, tano kutoa nne ni moja. Hakuna kukata tarakimu, daftari ni safi, na watu waliofundishwa hivyo wameendesha maduka na vyama vya ushirika maisha yao yote. Kwa nini njia hiyo iachwe?

Pili, nimeona watoto waliozoea vijiti wakifika madarasa ya juu na bado wanachora vijiti pembeni mwa karatasi ya mtihani. Kifaa kinaweza kumlemaza mtoto. Je, lini kinaondolewa?

Afisa wa mtaala, Bungoma

Mwalimu mstaafu, heshima kwako. Swali lako la kwanza liliwahi kuchunguzwa kwa kina. William Brownell na Harold Moser walilinganisha njia hizi mbili kwa wanafunzi wa darasa la tatu nchini Marekani, na matokeo yao yakachapishwa mwaka wa 1949. Waliwapa baadhi ya watoto kanuni tupu na wengine kanuni pamoja na sababu yake. Watoto waliofundishwa kulifungua kumi na kuelezwa kwa nini linafunguliwa ndio waliofaidika zaidi. Njia ya kulipa moja chini ilikuwa ngumu zaidi kuielezea kwa mtoto wa umri huo. Mkazo wangu uko kwenye neno sababu. Kulifungua kumi bila sababu hakumzidi chochote anayelipa moja chini bila sababu, na ninapotembelea madarasa ninakutana na hali zote mbili.

Kuhusu kumlemaza mtoto, nimeona shida hiyo mahali ambapo mwalimu aliruka kutoka kwenye kijiti hadi kwenye tarakimu bila daraja. Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza katika miaka ya 1960 kwamba mtu hulishika wazo kwa njia tatu: kwa kutenda, kwa picha na kwa alama. Picha ndiyo tunayoisahau. Mtoto anapaswa kupewa kipindi ambacho makopo yako mbele yake lakini hayafunguliwi, naye anachora mstari mrefu kwa kila kumi na nukta kwa kila moja. Anapotaka kulifungua kumi, anakata mstari na kuchora nukta kumi. Kuchora nukta kumi kila mara kunachosha, na nimewasikia watoto wakisema wenyewe kwamba wanaweza kuandika 12 bila kuchora. Mtoto akisema hivyo, kifaa kimekwisha kazi yake kwa hesabu ya aina hiyo. Yule anayechora vijiti kwenye mtihani wa Gredi ya 6 anachora kijiti kimoja kimoja, 52 vyote. Hakuwahi kufunga kumi.

Mwanzilishi wa uzi

Afisa, asante sana. Mwalimu mstaafu, naomba niongeze kitu kuhusu njia yako, kwa sababu ninaiheshimu na sidhani kwamba ni ya kutupwa. Ni sahihi kabisa, ila inatoka kwenye maana nyingine ya kutoa, na hiyo ndiyo sababu vijiti vya kufungua haviwezi kuionyesha.

Watoto wetu wanadhani kutoa ni kuondoa tu. Waulize swali hili: dada ana machungwa 13, kaka ana 8, dada ana mangapi zaidi? Wengi watajibu 21, kwa sababu wamesikia "zaidi" wakajumlisha. Wengine wataweka vifuniko 13 mezani na kukwama, maana katika hadithi hii hakuna aliyekula wala kuuza chungwa. Hapa vifuniko vinapangwa kwa safu mbili, ya dada juu na ya kaka chini, kila cha juu kikikaa juu ya mwenzake. Vitano vya dada vinabaki bila mwenzi. Hiyo ndiyo tofauti, na mtoto anaiona kabla hajahesabu.

Sasa ongeza vifuniko kumi upande wa kushoto wa safu ya dada, na kumi upande wa kushoto wa safu ya kaka. Vile vitano visivyo na mwenzi havijasogea. Namba zimekuwa 23 na 18, tofauti bado ni 5. Hiyo ndiyo siri ya kuongeza kumi juu na moja chini: ile moja ya chini ni kumi iliyoongezwa kwenye safu ya pili, na tofauti haikuguswa. Ningeifundisha njia hiyo kwa mtoto mkubwa kidogo ambaye ameshazoea kulinganisha. Kwa mtoto wa Gredi ya 2 aliye na tita mkononi, naona kulifungua ni karibu zaidi na kile anachokiona.

Mwalimu mstaafu, Busia

Mwalimu, nimefundisha kanuni ile miaka mingi na sijawahi kuiona ikipangwa kwa safu mbili za vifuniko. Nitamwonyesha mjukuu wangu.

Mwalimu wa Gredi ya 3, Mumias

Nina swali la mwisho kwa mwanzilishi. Watoto wangu wanafungua matita vizuri kwa 52 kutoa 37, lakini nikiwapa 300 kutoa 146 kila kitu kinaporomoka. Wengine wanaandika 246, kwa sababu 0 kutoa 6 wanaiona ni 6, na 0 kutoa 4 ni 4. Wengine wanakariri kwamba "sifuri inageuka 9" lakini wanaigeuza hata pale isipotakiwa. Je, vijiti vinaweza kufika mamia, au tubaki na ubao?

Mwanzilishi wa uzi

Vinafika, Mwalimu, na sifuri ndiyo mahali ambapo vinahitajika kuliko pengine popote. Unahitaji vijiti 300 kwa darasa zima, ambavyo ni vichache kuliko inavyosikika ukikusanya vya vikundi vyote. Funga matita kumi ya kumi kumi kwa ukanda mmoja mpana, upate mzigo wa mia, na ndani ya mzigo huo matita madogo yabaki yamefungwa kila moja kwa ukanda wake. Hapo Mumias mabua membamba ya miwa yatawachafua mikono kwa utomvu na kuwaletea sisimizi, kwa hiyo tumia vijiti vikavu vya mti wowote.

Weka mizigo mitatu mbele ya darasa. Mtoto anadaiwa vijiti sita. Hana kijiti kilicho huru, na hana tita la kumi lililo huru. Atafungua mzigo wa mia, na wengi watategemea kuona vijiti mia vikimwagika. Wanachokipata ni matita kumi, yote yamefungwa, na bado hawawezi kutoa sita. Acha wakae na tatizo hilo kidogo. Kalamu iandike hali ilivyo kwa wakati huo: mamia 2, makumi 10, mamoja 0. Watoto wengi hawajawahi kuiona hatua hii ikiandikwa, kwa sababu sisi tunairuka na kuandika 9 moja kwa moja.

Kisha tita moja linafunguliwa. Makumi yanabaki tisa, mamoja yanakuwa kumi. Kalamu inakata ile 10 na kuandika 9, na pale penye mamoja inaandika 10. Hiyo 9 sasa ina asili yake: ilikuwa kumi, moja likafunguliwa. Toa sita, zinabaki nne. Toa matita manne kati ya tisa, yanabaki matano. Toa mzigo mmoja kati ya miwili, unabaki mmoja. Jibu ni 154.

Kwa wale wanaoigeuza sifuri kuwa 9 kila mahali, wape 305 kutoa 142 siku hiyo hiyo, kwa vijiti hivyo hivyo na vitano vya ziada vilivyo huru. Mamoja yapo matano na yanayodaiwa ni mawili, kwa hiyo hakuna tita dogo litakalofunguliwa. Mzigo mmoja wa mia utafunguliwa kwa ajili ya makumi manne, na pale penye sifuri patakuwa na 10 hadi mwisho, kisha zitabaki 6. Jibu ni 163. Waandike hesabu hizo mbili kando kwa kando kwenye ukurasa mmoja, kila moja ikiwa na hatua zake zote, na uwaombe wakueleze kwa nini moja ina 9 na nyingine ina 10 mahali pale pale.